Babu Yangu Kwenye Daftari la Kodi

Mwaka ule wakimbizi walipojaa hadi kwenye mashamba yetu ya kahawa, kijijini likatoka tangazo: kila familia yenye asili ya ng'ambo ya mto ifike mbele ya kamati na ushahidi kwamba ilikuwepo Karagwe tangu enzi za mkoloni. Asiye nao atapanda lori la kurudishwa ng'ambo.

Mama yangu alizaliwa Kibingo, mimi vilevile. Lakini lafudhi yake ilikuwa inamtangulia mlangoni, na cheti cha kuzaliwa hana. Enzi zake mtoto alizaliwa, akanyonya, basi. Mama akaacha kupalilia migomba. "Nimpalilie nani?" aliniuliza.

Mimi nilikuwa mnunuzi wa kahawa na maharage kule Kaisho. Gunia nalihesabu mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza unamhesabia muuzaji. Nikasikia kwamba madaftari ya zamani ya kodi ya kichwa yako masjala, kwenye ofisi ya tarafa. Nikapanda baiskeli, roho juu juu.

Karani wa masjala alikuwa mama wa Kilutheri kutoka Muleba, funguo zinaning'inia shingoni kama rozari ambayo dhehebu lake halina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kanawe mikono."

"Nimeoga asubuhi."

"Sijauliza habari za kuoga."

Nikanawa. Akafungua daftari, nami nikaona kilichomfanya awe mkali. Mchwa walikuwa wamekula pembeni, ila katikati kurasa zilikuwa zimekatwa kwa wembe, vimebaki vipande vyembamba kwenye mshono.

"Hao ni mchwa wa miguu miwili," alisema. "Mtu anakuja kumtafuta babu yake, anaondoka naye mfukoni, pamoja na mababu wa wenzake walioandikwa nyuma."

Nilipekua kutoka mwanzo hadi mwisho, nikarudia. Babu hayumo. Labda alikwisha kuondoka katika mfuko wa mtu.

"Kibanja chenu, hilo shamba la migomba, babu alipewa na nani?" karani akauliza.

"Chake mwenyewe. Alikuja na ng'ombe zake kumi."

"Mwanangu, nenda kamuulize mama yako vizuri."

Nyumbani, mama alinimiminia chai kwanza. Kisha akasema. Ng'ombe hawakuwepo. Babu alikuwa akimkatia majani bwana mmoja mwenye mifugo, bwana akampa kibanja na kumlipia kodi. Ng'ombe wale nilikuwa nimewahesabu utoto wangu wote!

Niliporudi masjala, mimi na karani tulimtafuta bwana yule daftarini, na chini ya jina lake akapatikana babu, ameandikwa "mtu wake". Ndivyo walivyoandikwa wageni waliopewa kibanja. Hakuna aliyetuambia, na wazee waliona haya.

"Mama, nipe bei ya huu ukurasa," nilimwambia karani.

"Hauna bei."

"Kila kitu kina bei ya mwisho."

"Basi ya mwisho ndiyo hiyo."

Nje kulikuwa na wanaume wawili wakisubiri zamu, mikono mifukoni. Sikuwaangalia usoni, niliangalia mifuko. Kamati ilikuwa inakaa kesho yake, na ukurasa wetu ungeweza usifike jioni. Nikabembeleza hadi tukaelewana: daftari litafungiwa stoo sasa hivi, kesho litatoka kwa kibali cha mkubwa wake, yeye akiwa nalo, mimi nikisukuma baiskeli.

Tulifika Kibingo daftari likiwa limeviringishwa kwenye nailoni kama mtoto mchanga. Lori lilikuwa limeegeshwa pale pale uwanjani. Mbele yetu jirani mmoja alitoa karatasi mfukoni.

"Hii imetoka wapi?" mwenyekiti akauliza. "Hata mimi naweza kuandika hivi. Kaa kule."

Kule ni upande wa lori. Mama akanishika mkono wa shati.

Karani akasoma jina la bwana, kisha la babu, mtu wake.

"Huyu ni nani kwako, bibi?" mwenyekiti akamuuliza mama.

Mama akageuka nyuma. Kwenye mabenchi walikaa majirani wote waliowahi kusimuliwa wale ng'ombe. Niliogopa kwamba aibu ingempandisha lorini kabla ya kamati.

"Ni baba yangu," alisema hatimaye. "Alikuwa anakata majani. Hakuwa na hata mkia wa ng'ombe."

Mwenyekiti akaandika, akamwonyesha upande wa kubaki.

Karani hakufunga daftari. Alimwita yule jirani, akailaza karatasi yake kwenye kipande kilichobaki mshononi. Mkato ukaingiana, mstari wa wino ukaungana.

Mwenyekiti akainama, akatazama. "Haya, njoo huku."

Jirani akanyoosha mkono achukue karatasi yake. Karani alikwisha kuomba sindano na uzi aishone mahali pake.

"Mama, nirudishie."

"Nyuma yake kaandikwa nani?"

Jirani hakujua. Hakuwahi kuigeuza.

Karani akaigeuza, akaanza kusoma majina kwa sauti. Upande wa lori watu wawili wakasimama.