Nilivyoifundisha library yangu kudanganya, kitalu cha mama mkubwa kikakauka Mvumi

Wakuu, habari za mihangaiko. Leo natoa la moyoni, na nikiongopa hata neno moja laptop yangu ife. Betri yenyewe ilishatangulia.

Mimi shule niliishia Form Two. Sikufukuzwa, tuliachana kwa amani. Coding nimejifunzia kwenye stationery yangu hapa Mabwerebwere, Kilosa, huku natoa photocopy za vyeti vya watu walionizidi elimu.

Miaka ile ubinafsishaji umepamba moto, pampu ya kumwagilia Mvumi ikapewa mwekezaji. Akafunga kisanduku cha kompyuta ili ijiwashe na kujizima yenyewe. Program iliandikwa na engineer wake, ofisi Mikumi, degree mbili. Mimi nikapewa kibarua cha kukagua code kabla haijaingizwa.

Nilikuwa na library, yaani kifurushi cha code, niliyoiandika mwenyewe, inasoma code ya mtu bila kuirun. Ikikuta hesabu ya namba tupu zisizobadilika, inaipiga papo hapo na kukuonyesha jibu. Ukiandika 24*60, inakwambia 1440.

Sasa engineer muda wa pampu kuwaka kauandika hivi: 1/2*60. Yaani nusu saa, kwa dakika.

Library ikajibu: 0.

Kwa wasiojua, kwenye lugha ile namba nzima ukiigawa kwa namba nzima, kinachobaki kinatupwa. Moja kwa mbili ni sifuri. Sifuri mara sitini, sifuri. Pampu itawaka dakika sifuri!

Nikapanda basi hadi Mikumi kumwambia. Akacheka mbele ya ofisi nzima.

"Fundi, nusu ya sitini ngapi? Si hesabu ya darasa la tatu hii?"

"Thelathini, bosi."

"Basi karekebishe hiyo takataka yako. Code yangu iache."

Na mimi kilaza nikaenda kurekebisha kweli! Nikaibadili library ipige hesabu kama ubaoni. Ikatoa 30. Nikapitisha code, nikajipongeza na soda baridi.

Jua la Kilosa mnalijua. Ndani ya wiki kitalu cha mpunga cha mama mkubwa, dada yake mama yangu, kikawa rangi ya kamba ya katani. Pampu kimya.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Hiyo kompyuta yenu imekuja kumwagilia, au imekuja kutalii?"

Ila kilichonipandisha hasira ni ripoti ya engineer. Kaandika kwamba mama mkubwa kachezea swichi, kwa hiyo anyang'anywe zamu ya maji! Mama ambaye hata redio anawashiwa na majirani!

Siku ya mkutano wa wakulima, pale pale kwenye pampu, nikasimama. Mdomo hautaki kufunga.

"Library yangu ilisema sifuri. Nikaifundisha kudanganya, kisa huyu bwana ana degree na mimi nina madaftari."

"Huyu si mtoa photocopy?" engineer akang'aka.

Nikamwambia ndiyo, ni mimi, ila naomba ufungue kisanduku, soma kioo kwa sauti.

Akafungua, akasoma. "Muda... sifuri."

Mama mkubwa akauliza taratibu, "Mwanangu, huko chuoni kwenu nusu ni sifuri? Basi leo chakula tukupakulie nusu sahani."

Watu walivunjika mbavu. Zamu ya maji hakunyang'anywa. Kitalu ndiyo kilikwenda hivyo, akaomba miche kwa shemeji yake Kidete. Engineer akaandika 60/2, akapanda gari. Pole? Hadi leo sijaisikia, na bado nimekasirika!

Nilichojifunza: library inayopiga hesabu za constant, yaani zile namba zisizobadilika, itoe jibu lile lile ambalo mashine italipata, hata likionekana la kijinga. Siyo jibu la ubaoni, siyo jibu la bosi.

Sifuri yangu niliirudisha siku ile ile. Juu ya huo mstari wa code nimeweka comment ya kuonya: "Usiguse hapa. Ukibisha, kamuulize mama mkubwa."

Wenye degree karibuni mnishambulie, nimezoea. Ila kila atakayecomment aseme kwanza: wewe nani alikufutisha jibu ambalo lilikuwa sahihi?