Mtoto Niliyemsifia kwa Kutolia

Kipindi kile cha ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa nauza mitumba ya watoto pale Tandika, na mdomo wangu ulijulikana soko zima. Zuhura alipozaliwa nikazidi kujisifu. Mtoto halii! Analala kutwa, hata kunyonya mpaka nimfinye kisigino ndiyo aamke. Wageni wakasema nimepata bahati, nami nikakubali.

Wiki ya tatu alikuwa na siku sita hajapata choo. Macho bado ya manjano, ulimi mnene unachungulia nje, kitovu kimetokeza. Mama mkwe alikuwa amekikandamiza kwa sarafu na kitambaa. Nikampeleka zahanati kwa ajili ya choo tu. Muuguzi akamtazama, akaniambia, "Dada, huyu mpeleke hospitali kubwa akapimwe damu. Leo hii."

Nyumbani mama mkwe akaja juu. "Kichanga hajatoka arobaini, wamtoe damu? Anayo kiasi gani ya kutoa?"

Sikwenda, na simsingizii mtu. Miguu nilikuwa nayo. Sikutaka tu kusikia kwamba mtoto niliyemsifia ana kasoro. Arobaini ikapita, nikangoja tena, mpaka miezi mitatu, shingo haijakaza.

Hospitali wakamchoma sindano, wakavuta damu. Nikamuuliza daktari kwa nini apime damu wakati ninachohofia ni kichwa, akili yake.

"Ubongo hatuwezi kuufungua, mama. Kuna homoni inayotoka kwenye tezi ya shingo, ndiyo inayoukuza. Tunaitafuta kwenye damu."

Majibu yalipokuja, akasema homoni ni kama haipo kabisa. Nikauliza, dawa itamrudisha?

"Kuanzia leo atakua. Miezi iliyopita siwezi kukurudishia."

Kila siku nilisaga kidonge, nikakichanganya na maziwa yangu kwenye kijiko. Choo kikafunguka. Ulimi ukarudi ndani. Asubuhi moja akalia, akalia kweli, mpaka majirani wakatoka. Mama mkwe akasema, "Eh, huyu mtoto kaharibika!" Mie nilikaa sakafuni nikamshukuru Mungu.

Leo Zuhura ana miaka tisa. Anatembea, anacheka, kanga anajifunga mwenyewe. Yuko darasa la kwanza, anahesabu kwa vidole, na akifika kumi anaanza upya. Nashukuru yu hai. Lakini hasira ninayo, na nyingi ni ya kujichukia mwenyewe.

Akina mama, msisubiri arobaini. Mie nikisikia nyumba ina kichanga mpole, napiga hodi. Nauliza, amepata choo? Amelia leo? Kisha namfinya kisigino, nasikiliza. Wapo wanaoniita mchawi. Waniite tu, ilimradi mtoto alie.