Waziri Langoni mwa Zizi

Kwa miaka ishirini Mama Makhauta alitibu ng'ombe wa Lesotho nje ya zizi, wakitolewa mmoja mmoja, maana mwanamke haruhusiwi kuingia. Mfalme alipomwapisha kuwa waziri wa mifugo, mama huyo alianzia kazi kijijini kwao, ambako ng'ombe walikuwa wakifa ovyo. Chifu Thesele akamzuia langoni kwa fimbo.

"Mama, huo uwaziri uache mjini. Ukiingia humu utatumalizia ng'ombe."

"Mwezi huu wamekufa wangapi, Ntate?" akauliza, akimwita baba kwa Kisotho.

"Arobaini."

"Aliingia mwanamke gani?"

Mama Makhauta akakaza blanketi alilojitanda begani, akashika sindano, akaisukuma fimbo kando kwa kiwiko.

"Haya, atakayekufa leo nisingizieni mimi," akasema, akaingia.