Pipa la Mzee Ridley

Enid Charlton hakuweza kupita penye mlango uliofungwa bila kujiuliza nyuma yake kuna nini. Miaka aliyopika katika jiko la shule, katika ule mji wa wachimba makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, tabia hiyo ilimletea maneno. Alipostaafu na kukodi kishamba cha halmashauri kando ya reli, ikamkutanisha na Mzee Ridley.

Vishamba vyao vilipakana. Kila Septemba, kwenye mashindano ya liki, vile vitunguu vya shina nene jeupe, Enid naye alishindana, lakini kikombe kilikuwa cha Ridley. Na nyuma ya kibanda chake palikuwa na pipa lililofunikwa gunia, likafungwa kwa mnyororo na kufuli. Kuna waliosema ndani ni samadi ya kondoo iliyochanganywa na bia. Wengine waliapa ni damu ya machinjioni. Siku moja Enid alichungulia huko nyuma, Ridley akamshika.

"Umepoteza kitu, mama?"

"Paka wangu."

"Tangu lini una paka, wewe?"

Majira ya baridi yalipoingia, halmashauri ikapandisha kodi ya vishamba maradufu. Kwenye mkutano watu walifoka weee, mpaka sauti zikawakauka. Bibi aliyetumwa na halmashauri akasema maji yamepanda, kuzoa taka kumepanda, naye hana la kuongeza. Wengi wakarudisha funguo za vishamba vyao. Enid naye hakuiweza kodi ile peke yake. Ilibaki njia moja, watu wawili wachangie kishamba kimoja, na moyo wake ukamtuma kwa mtu mmoja tu.

"Wewe?" Ridley alishangaa. "Mshindani wangu?"

"Magoti yako yamekwisha, mzee. Mimi nitalima, wewe utaamuru. Kuamuru si ndiyo kazi yako?"

Ridley akajikuna kidevu. "Lakini pipa huligusi."

"Nani kakutajia pipa?"

Wakapanda. Enid alichimba, Ridley akakaa juu ya kreti akikosoa: huko umezidisha, hapa umebana. Hata asubuhi moja ya Mei mgongo ukamkamata mzee, hakuweza kuinuka. Akamrushia Enid ufunguo.

"Chota humo, umwagilie."

Enid akafungua kufuli, akavuta gunia. Akainama, akanusa. Akachovya kidole, akaonja.

"Maji!"

"Ya mvua."

"Maji matupu?"

"Ulitaka nini, mchuzi?" Kisha mzee akatazama pembeni. "Mke wangu alipofariki, kila aliyepita alisimama kunipa pole. Sikuwa na la kujibu. Nikalifunga pipa mnyororo. Tangu hapo wanauliza habari za pipa."

Enid hakujua acheke au alie. Akaketi chini, kwenye udongo wenye umande.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Nora."

"Alipenda nini?"

Ridley akaanza kusema, kwa kusitasita kwanza, kisha maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Siku hiyo liki zilichelewa kupata maji.

Septemba walishika nafasi ya tatu. Ridley alinuna, akasema Enid alibana mno mistari. Kodi nayo haikushuka, ingawa Enid alimfuata yule bibi wa halmashauri hadi mlangoni kwa maswali. Wakailipa tena kwa pamoja. Liki za mashindano wakazipika supu jikoni kwa Enid, na mzee akaomba bakuli la pili.