Kumzika Mkingaji

Nianze na hofu, maana ndiyo iliyonilea. Nilikuwa msichana wa kufunga kamba za viatu, kuzifungua, na kuzifunga tena mpaka mafundo yalingane. Nikikosea neno moja kwenye insha, nilirarua ukurasa mzima. Kiswahili hiki nimejifunza mwenyewe kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari dukani, na mpaka leo nahofia kwamba sentensi zangu zina sukari na vumbi ndani yake. Kuruka pia nilijifunza mwenyewe.

Katikati ya miaka ya sabini niliishi Malaba kwa shangazi yangu, dada wa baba, mjane kutoka Marachi aliyejenga vyumba vya kupangisha nyuma ya reli. Wapangaji wake walikuwa madereva na mataniboi, wasaidizi wao wa safari, waliosubiri malori yao yaruhusiwe kuvuka mpaka wa Uganda. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na ghala la pamba lililoachwa, lenye ukingo mrefu wa kupakulia mizigo na rundo la mbegu chini yake. Nikitoka shule nilipanda ukingoni, nikazipa mbegu mgongo, nikajirusha kinyumenyume. Siku nyingine nilitua kwa miguu, siku nyingine kwa mabega.

"Dada, wewe ni mtu ama ni paka?" taniboi mmoja aliniuliza akiwa amekaa mlangoni na muwa wake.

"Paka hatui na shingo," mwenzake akamwambia. "Huyu ni gunia la mahindi."

Mtu ambaye hakucheka ni mpangaji mpya wa chumba cha mwisho. Alikuwa amevuka kutoka Uganda na begi moja. Kule alifundisha jimnastiki katika chuo fulani. Kwa nini aliondoka hakusema, na miaka ile mtu wa upande ule hukumwuliza. Alinitazama nikiruka, kisha akaja akasimama kando ya rundo.

"Nani anakukinga, nyabo?" aliuliza, akiniita bibi kwa lugha ya kwao.

"Hakuna."

"Basi hujaruka. Umeanguka tu, na bahati yako bado haijachoka."

Ni yeye aliyeiomba shule yetu ianzishe timu, na shule ikakubali kwa sababu wilaya ilikuwa imetangaza mashindano ya jimnastiki. Seremala alitengeneza sanduku la kurukia. Sisi wasichana tulishona magunia, tukayajaza maganda ya mbegu za pamba, yakawa magodoro ya kutulia. Uwanja wetu ulikuwa lile ghala.

Mwalimu huyo alikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa. Hakuna aliyeruhusiwa kupinduka kinyumenyume bila mkingaji, na mkingaji alikuwa yeye. Chaki ya mikono hatukuwa nayo, hivyo alijipaka unga wa muhogo kiganjani, akasimama ubavuni mwa sanduku. Ukiwa hewani, kichwa chini, kiganja chake kiligusa katikati ya mgongo wako, kidogo tu, kikapita. Alifanya hivyo kila mara, hata kwa yule ambaye hakuhitaji. Baadaye alitugeuza mmoja mmoja na kusoma alama nyeupe ya vidole kwenye fulana zetu nyeusi. Ikiwa juu, uliruka ukiwa umechelewa. Ikiwa chini, uliharakisha.

"Mkingaji hachagui siku," alikuwa akisema. "Siku atakayochagua ndiyo siku utakayovunjika."

Alama yangu ilikuwa inakaa pale pale panapotakiwa. Niliivua fulana kwa uangalifu ili isifutike, nikaitazama dirishani kama watu wengine wanavyotazama picha zao. Ila kuna jambo ambalo sikumwambia mtu: bila mkono ule sikuwa najua kupinduka. Mwili wangu ulikuwa umejifunza kusubiri. Ukiguswa, magoti yalijikunja. Usipoguswa, sikujua yangefanya nini.

Jumapili moja baada ya kanisa alimwambia shangazi kwamba mama yake ni mgonjwa, anavuka kumwona, na jioni atakuwa amerudi. Aliloweka maharage kwenye sufuria ili ayakute laini. Jioni hakurudi. Shangazi hakuyamwaga maharage yale. Yalivimba, yakachipua, yakaota mikia myeupe iliyopanda ukingoni mwa sufuria, nyumba nzima ikanuka. Kila dereva aliyetoka ng'ambo aliulizwa. Mmoja aliinamisha kichwa, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga.

"Mama, usiendelee kumwulizia kwa jina," alisema. "Si vizuri kwako, na si vizuri kwake."

Shule ikatupa mwalimu wa jiografia awe kocha. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na maishani mwake hakuwahi kupinduka, hata kitandani labda. Alikuja na kanuni za mashindano zilizotoka wilayani, akatueleza kwamba kocha akimgusa mchezaji, alama zinakatwa. Kwa hiyo tangu siku hiyo hakuna kugusana. Alisimama mlangoni na filimbi yake, mbali.

"Mwalimu, na tukianguka?" mwenzangu mmoja aliuliza.

"Mtaanguka kwenye gunia. Si ndiyo kazi yake?"

Zamu yangu ilipofika nilipanda sandukuni. Ilikuwa saa za mchana, jua linapenya kwenye matundu ya mabati, vumbi la pamba limeelea bila kushuka. Filimbi ililia. Nikajirusha.

Mkono ukanigusa.

Ulikuwa mkavu na wa baridi, na ulikuwa pale pale. Magoti yalijikunja yenyewe, nikatua bila kuyumba. Wenzangu walipiga makofi. Nilipogeuka, mwalimu alikuwa bado mlangoni, anapangusa miwani. Ubavuni mwa sanduku hapakuwa na mtu. Lakini maganda ya pamba yaliyokuwa yametapakaa sakafu nzima hayakuwepo mahali pale. Palikuwa peusi na safi, padogo, panatosha mtu mmoja kusimama.

Mtu mwenye akili timamu angekimbia. Mimi nilifurahi. Naliandika hilo jinsi lilivyokuwa. Niliwaza kwanza kwamba nimetua vizuri, na kwamba mashindano yakija nitatua hivyo hivyo mbele ya watu, na waamuzi hawatakuwa na cha kukata kwa sababu hawataona kitu. Nikaanza kwenda ghalani peke yangu baada ya chakula cha mchana. Nilijirusha, nikaguswa, nikajirusha, nikaguswa. Wakati mwingine nilihisi pumzi ya mtu aliyechoka. Nilikuwa nikisema "asante, mwalimu" kwa sauti ndogo, kisha napanda tena.

Shangazi aliigundua alama siku ya kufua. Alinyoosha fulana yangu juani, akaiinua, akaigeuza upande wa mgongo.

"Wewe msichana, kuja hapa. Nani amekushika mgongo?"

Nilitazama. Vidole vilikuwa vinaonekana wazi, vyeupe, vikielekea juu kama mwalimu aliyepotea alivyokuwa akivielekeza. Ningeweza kusema ni mwenzangu. Nilimwambia kila kitu.

Hakushangaa. Alikaa kwenye kigoda, akaikunja ile fulana bila kuiloweka.

"Mtu ambaye hajazikwa haachi kazi yake," alisema. "Huyu amekufa huko, na hakuna aliyemlaza. Kwetu Marachi mtu akipotea namna hii tunakata mgomba, tunauvika shuka, tunauzika. Basi, anajua ameruhusiwa kupumzika."

"Na kama yuko hai? Si tutakuwa tumemlaani?"

"Aliye hai angerudia maharage yake."

"Shangazi, ngoja basi. Mashindano ni Jumamosi. Tumzike Jumapili."

Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. "Kwa hiyo marehemu afanye kazi mpaka Jumamosi kwa ajili yako?"

Ndicho hasa nilichokuwa naomba.

"Mwanangu, sikia. Mkono wa mtu asiye na kaburi haujui kuachia. Leo unakugusa, unapita. Iko siku utakushika."

Nililia, nikamwambia kwamba bila mkono ule nitavunjika shingo. Alisema kwamba hilo ni jambo la walio hai, nikawaambie walio hai.

Tulimzika Alhamisi alasiri. Taniboi wa muwa alichimba shimo kando ya ua, karibu na njia ya kutokea, mahali wanapozikwa wageni. Shangazi alikata mgomba, nami nikasaidia kuubeba. Sikutegemea uwe mzito vile, wala uwe na unyevu unaopenya nguoni kama jasho. Tuliuvisha shuka la kitanda cha mwalimu. Shangazi aliweka na unga wa muhogo, akataja jina lake na la mahali alikotoka, akamwambia kwamba watoto wamefika salama, aache sasa. Taniboi, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila kitu, hakutania.

Ijumaa nilienda ghalani. Maganda yalikuwa yamefunika sakafu yote, na ile sehemu ndogo safi haikuwepo. Nilipanda sandukuni, nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi, nikashuka kwa mikono kama mzee.

Jumamosi lori lilitupeleka Busia. Ukumbi wa mikutano ulijaa wanafunzi na wazazi, na mbele walikaa waamuzi pamoja na mkubwa wa michezo wa wilaya, mzee mnene mwenye koti zito. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho wa timu yetu. Mwalimu wa jiografia aliniambia kwamba nikitua kama ninavyotua ghalani, tunaenda Kakamega kuiwakilisha wilaya. Sikuwa nimemwambia neno juu ya mkono ule.

Nilipanda. Nikaupa ukumbi uso na magunia mgongo. Visigino vikawa hewani. Nilisubiri kuhisi kama kuna mtu. Nyuma yangu palikuwa patupu, patupu kuliko siku zile za mwanzo nilipokuwa sijui mkingaji ni nini. Filimbi ililia. Ikalia tena.

"Binti, unaogopa?" mkubwa wa michezo aliita, na watu wakacheka.

Kwetu mtoto hamkatalii mkubwa mbele ya watu. Nilijua. Nilijua pia kwamba nikipinduka sasa, magoti yatasubiri mguso, nami nitashukia shingo.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Naogopa. Siruki bila mkingaji."

"Kanuni hairuhusu."

"Basi siruki."

Kelele zikapanda. Msichana wa shule nyingine alipiga kelele: "Mshushieni ngazi huyo!" Uso ulikuwa unaniwaka, machozi yananitoka, na mimi niliyerarua kurasa kwa kosa moja nilikuwa nimesimama juu ya sanduku mbele ya wilaya nzima, nimekosea kila kitu.

Ndipo nikamwona mwalimu wa jiografia akivua saa yake. Aliiweka mfukoni, akavuka sakafu, akaja mpaka ubavuni mwa sanduku.

"Nisimame wapi?" alininong'oneza.

"Hapo, mwalimu. Karibu zaidi."

"Mwalimu," mkubwa wa michezo aliita, "unajua kila mguso ni alama?"

"Basi zikatwe, mzee."

Nikajirusha. Hakunigusa mgongo. Aliikamata fulana yangu kwa mikono miwili, akaivuta kama mtu anayeokoa ndoo isizame kisimani, nikageuka nusu, nikamwangukia kifuani, tukaenda chini sote wawili. Mshono wa fulana ulipasuka. Miwani yake iliruka ikavunjikia ukutani. Ukumbi wote ulicheka mpaka wengine wakainama. Shingo yangu ilikuwa mahali pake.

Hatukuchaguliwa. Waamuzi walikata alama walizoweza kukata. Tukirudi Malaba, mwalimu alikaa nyuma ya lori pamoja nasi, amefumba jicho moja ili aone kwa kioo kilichobaki. Tulipokaribia njia ya Angurai alinisogelea.

"Ule mkono wa mkingaji," alisema, "unawekwa kabla kichwa hakijapita, au baada?"

"Sijui, mwalimu. Mimi nilikuwa nausikia tu kwa mgongo."

"Sawa," alisema. "Jumatatu tuanze na ukingo mfupi. Na wewe pia usimame chini, unikinge mimi."