Geji Iliyofutwa Sana

Ukipewa bunduki sasa hivi, ungejuaje kama ni nzima?

Usiseme utaitazama. Kila bunduki mpya inang'aa, kama vile kila bwana harusi ni mpole. Wala usiseme utapiga risasi moja hewani uone. Bunduki mbovu nayo hupiga ya kwanza, pengine hata ya kumi, halafu ikaja kukugomea siku ambayo huna pa kukimbilia.

Mwanamke mmoja, mkaguzi wa ubora katika karakana ya bunduki za jeshi, aliishi na swali hilo kama mtu anavyoishi na mwiba mdogo kidoleni. Meza yake ilikuwa kando ya dirisha, mwisho wa ukumbi mrefu wenye harufu ya mafuta na chuma kilichokatwa. Mafundi walimwita Mama Hapana, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Bunduki ilikuwa haitoki nje ya ukumbi ule mpaka ipite mikononi mwake, na wengi walikuwa wameona kazi zao zikirudishwa na kidole chake kimoja tu, bila neno.

Juu ya meza kulikuwa na kitabu cha viwango kutoka makao makuu, kinene kama tofali. Wakaguzi waliomtangulia walikikariri. Yeye alikigombeza. Kila alipokuta agizo, alitaka kujua lilizaliwa wapi. Kwa nini kifyatulio kivutwe kwa uzito huu, usipungue wala usizidi? Akamwendea sajini mmoja mtu mzima aliyekuwa akifundisha kulenga shabaha, akamuuliza.

"Kikiwa chepesi mno," sajini akajibu, "mtu anajikwaa tu, keshamuua mwenzake. Kikiwa kizito mno, unavuta mpaka mkono unatetemeka, risasi inakwenda kuwasalimia majirani."

Siku nyingine alistaajabu kuona bunduki kadhaa nzima, zilizopita majaribio yote, zikifunguliwa vipande vipande. Vipuri vikamwagwa ndani ya karai moja, vikakorogwa kwa mikono kama dengu, kisha bunduki zikaundwa upya kwa chochote kilichookotwa. Aliona ni wazimu. Akamwendea sajini tena.

"Mama, kule mbele hakuna fundi," sajini akasema. "Bolti yangu ikivunjika, nachukua ya mwenzangu aliyeanguka. Ikikataa kuingia, tumeanguka wawili."

Aliporudi ukumbini, akaenda kuvikoroga vipuri yeye mwenyewe.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya geji mbili ndogo za chuma kigumu, kila moja na umbo la risasi isiyo na kichwa. Zilipima chemba, yaani kile chumba nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikisubiri amri. Geji ya kwanza iliitwa Ndiyo. Ukiiweka ndani ya chemba, bolti, ule mlango wa chuma unaofunga nyuma ya risasi, lazima ifunge. Ya pili iliitwa Hapana. Hiyo ilikuwa ndefu zaidi kidogo, tena kidogo kuliko unene wa unywele, na juu yake bolti lazima ikatae kufunga. Bolti ikifunga juu ya Hapana, chemba ni ndefu mno, na risasi inaweza kupasuka ikiwa ndani. Ikikataa kufunga juu ya Ndiyo, chemba ni fupi mno, na risasi ya kweli haitaingia. Kati ya maneno hayo mawili ndipo uhai wa mtu ulipokaa.

Alizitunza geji zile kuliko vyombo vya harusi yake. Alijua kwamba chembe ya vumbi inaweza kuzifanya ziseme uongo, kwa hiyo alizifuta kila baada ya bunduki moja, kwa kitambaa laini alichoomba kule kwa wanaong'arisha mitutu. Kitambaa kikichafuka, alikwenda nacho nyumbani akakifua.

Basi yakaanza mambo. Bunduki zilizotoka kwenye benchi la fundi mmoja zikaanza kukataliwa. Moja, nyingine, kisha kreti zima. Na fundi mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake, kijana mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi.

"Shemeji, hata hii?"

"Imefunga juu ya Hapana. Njoo ujaribu mwenyewe."

Akajaribu. Bolti ikafunga. "Naona. Ila za wenzangu zinapita kama maji, za kwangu tu ndizo zina mkosi. Au ni kwa sababu nilisema chai yako ina maji mengi?"

"Chai yangu haina geji. Ingekuwa nayo, na wewe ungeshakataliwa mlangoni."

Mafundi wakacheka. Lilipokataliwa kreti la pili hakuna aliyecheka, kwa sababu mkuu wa karakana alikwisha kutamka kwamba fundi ambaye makreti yake yatarudi mara tatu ataondolewa kwenye benchi, apelekwe kubeba mizigo ghalani. La tatu lilikuwa tayari linasubiri kando ya meza.

"Wewe unatupima sisi sote," shemeji akasema, safari hii bila mzaha. "Wewe na hivyo vyuma vyako, ni nani anawapima?"

Lilikuwa swali la hasira, lakini likamkaa. Jibu la kitabu alilijua. Stoo kulikuwa na geji kuu, imelala ndani ya sanduku la mbao, haikuwahi kuingizwa katika bunduki yoyote. Mafundi waliiita Bibi, maana haifanyi kazi, inahukumu tu. Kwa vipindi maalumu geji zote zilipelekwa kulinganishwa na Bibi, na zake zilipopelekwa mara ya mwisho zilitoka salama. Zamu ya pili ilikuwa bado mbali.

Hata hivyo kuna kitu kilimwasha. Makosa ya binadamu hutangatanga: leo kazidisha hapa, kesho kapunguza pale. Bunduki za shemeji zilikosea zote namna ile ile, kwa mkwaruzo mdogo ule ule aliousikia kidoleni bolti ikifunga juu ya Hapana. Kweli, kijana alipenda bolti icheze raha, kama mlango wa nyumba yenye wageni wengi, na siku zote aliunda chemba zake karibu na ukingo wa urefu ulioruhusiwa. Lakini ukingo uko ndani ya shamba. Mbona sasa alionekana yuko nje?

Jioni hiyo alirudi nyumbani akaloweka kitambaa chake ndani ya beseni, akakifua, akakianika kibarazani. Mume wake, fundi cherehani, alikuwa bado anamalizia suruali ya mteja. Baada ya muda akamsikia akiita.

"Mke wangu! Hiki kitambaa umekitoa wapi?"

"Kazini. Nafutia geji. Usikichafue."

"Nimefutia mkasi wa marehemu baba. Njoo uone maajabu."

Mkasi ule ulikuwa na doa la kutu tangu enzi za mzee mwenyewe. Mume alikwisha kulisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa matusi, likakaa. Sasa lilikuwa limefifia, na mahali pake palikuwa na mng'ao kama kioo.

"Kina dawa hiki," mume akasema kwa furaha. "Kaombe kingine."

Mama Hapana akachukua mkasi. Akapitisha kidole pale palipong'aa. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, polepole, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba.

"Ni ile poda," akasema. "Poda ya kung'arishia mitutu. Inajificha kwenye nyuzi, haitoki kwa kufua. Kila nilipofuta geji nilikuwa naikata."

"Kwa kitambaa?"

"Kwa kitambaa. Kidogo kidogo, kila siku. Hapana imefupika. Ndiyo maana bolti za ndugu yako zinafunga juu yake."

Mume alimwelewa haraka kuliko alivyotegemea. "Kumbe mdogo wangu hana kosa!" Akapaza sauti kuelekea chumba cha uani, alikokuwa akiishi shemeji. "Wewe! Toka huko! Umeshinda kesi!"

Shemeji akatoka na mswaki mdomoni, akaelezwa, akacheza kidogo pale pale uani. "Nilisema mimi! Kesho shemeji anadai geji mpya, makreti yangu yanapita, na chai ya leo naisamehe."

"Sikuifuta Hapana peke yake," Mama Hapana akasema.

Wote wawili wakamtazama.

"Ndiyo nayo niliifuta kwa kitambaa hicho hicho. Nayo imefupika. Wenzako wanaounda chemba za kubana, Ndiyo yangu iliwapitisha hata pale ambapo haikupaswa. Bolti ilifunga juu ya kitu kifupi. Askari akija na risasi ya urefu kamili, anasukuma, haifungi."

"Na hizo bunduki ziko wapi?" mume akauliza.

"Zimeondoka na lori."

Mume akaanza tena kuufuta mkasi, bila kujua anachofanya.

"Acha kuufuta," akamwambia. "Utabaki na sindano."

Shemeji alitoa mswaki. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ya chini, na haikuwa na ubaya ndani yake. "Shemeji, tuongee kama watu wazima. Mimi nimepona, sawa. Ila Ndiyo iache ilale. Pengine ni bunduki mbili tatu, pengine hakuna hata moja. Ukiyafukua hayo watakutoa pale dirishani. Kazi yote ile, kwa sababu ya kitambaa?"

"Nikiiacha ilale," akasema, "mtoto wa mtu ndiye atakayeiamsha."

Tumezoea kuambiwa kwamba nchi hulindwa na gwaride, vifaru na hotuba. Mimi nasema nusu ya ulinzi wenyewe uko kwenye meza kama ile, mikononi mwa mtu anayeahidi jambo kwa askari asiyemjua na ambaye hatamshukuru kamwe. Kiwango ni ahadi hiyo, imeandikwa kwa tarakimu. Anayeipunguza kwa unywele ameivunja yote, awe amekusudia au hakukusudia.

Asubuhi akaenda moja kwa moja stoo, kisha kwa luteni anayesimamia ubora, akiwa ameshika geji zake mbili mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili. Luteni akaagiza Bibi atolewe. Wakaipanga geji hiyo kuu kwenye mashine ya kupimia, ile yenye sindano inayocheza kama ya saa, wakaiweka sindano kwenye sifuri, yaani urefu halali wa Ndiyo. Wakaweka Hapana mahali pake. Sindano ikaishia kabla ya alama ya Hapana. Wakaweka Ndiyo. Ikarudi nyuma ya sifuri. Luteni akakinusa kitambaa, kana kwamba poda ingekiri kwa harufu.

"Mama, ungeweza kuja tu na kusema geji zimechakaa, upewe nyingine. Mimi nisingejua."

"Mimi ningejua, Afande. Tena ningekaa pale dirishani nikijua."

"Unaelewa kwamba hutagusa geji mpaka uchunguzi uishe? Na sijui utaishaje."

"Naelewa. Lakini naomba kuuliza."

Luteni karibu acheke. "Hata leo?"

"Kitabu kinasema geji zifutwe. Hakisemi zifutwe kwa kitu gani. Hawawezi kuongeza mstari mmoja?"

Luteni alichukua simu akapiga ghala kuu, akaamuru bunduki zote zilizopita tangu geji zile zilipolinganishwa na Bibi mara iliyotangulia zirudishwe, na askari yeyote asipewe hata moja.

Asubuhi iliyofuata lori likarudi, matairi mekundu kwa vumbi la safari. Mama Hapana alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, upande wa mafundi, ambapo hakuwahi kusimama. Mikono yake haikujua pa kukaa, mwishowe akaifunga nyuma. Makreti yakashushwa. Luteni alitaka mtu mwenye mkono mwepesi aingize geji mpya, akamwita shemeji, kwa kuwa ndiye pekee ambaye chemba zake ndefu hazikuwa na cha kuogopa mbele ya Ndiyo.

Bunduki ya kwanza ikafunga juu ya Ndiyo. Ya pili ikafunga. Kreti zima likaisha, na mafundi wa mabenchi mengine wakaanza kuguna. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Watu wametusumbua bure." Shemeji akamtupia jicho Mama Hapana, jicho la mtu anayesema sikukwambia, lakini kwa huruma.

Katika kreti la pili aliinua bunduki moja sawa na nyingine zote, akaingiza geji, akasukuma bolti. Ikasimama njiani. Akaitoa, akapuliza chemba, akaingiza upya. Ikasimama pale pale. Akaisukuma kwa kidole gumba mpaka kucha ikawa nyeupe. Bolti haikusogea.

Shemeji akaishika ile bunduki kwa mikono miwili, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, akazunguka meza, akaenda kumpa Mama Hapana aione yeye kwanza.