Huyo Haogopi Kitu

Juzi kwa fundi simu hapa Ifakara tulikuwa tunasubiri chaji, televisheni ikituburudisha kwa sinema. Ndani yake dada mmoja alikuwa anawachapa wanaume kibao bila hata kutoka jasho.

"Huyo ndiye mwanamke wa shoka," fundi akasifu. "Haogopi kitu!"

Mama aliyekaa pembeni yangu hakuinua macho kutoka kwenye simu yake iliyozima. Alishatueleza kwamba binti yake yuko shambani peke yake, anaamia mpunga usiliwe na ndege, na mvua imenyesha usiku kucha.

"Haogopi kwa sababu hana mtu wa kumhofia," akasema.

Simu ikawaka. Akapiga hapohapo, waya ukiwa bado umechomekwa.

"Maji yamefika wapi, mwanangu? Achana na mpunga! Panda juu ya dungu, kwenye kile kichanja cha kulindia ndege, ukae hukohuko. Nakuja."

Akachomoa simu, akakaza kanga kiunoni, akatoka mbio.

Wanaotunga filamu kama hiyo wangekuwepo, wangejionea wenyewe tulikotazama. Yule dada aliendelea kupigana kwenye televisheni, na sote tulikuwa tumempa kisogo, tukiitazama njia aliyoishika yule mama.